Mkimwita Chuma, Basi Mtieni Mafuta

Hoteli ndogo za Makongeni, hapa Thika, zina desturi moja: taarifa ya habari ikianza, vijiko hupunguza kelele. Jioni moja redio ilikuwa ikieleza habari za wanajeshi wanaorudi kutoka Somalia wakiwa wazima wa mwili lakini hawapati usingizi. Mtangazaji hakuwa amemaliza, meza yetu ilikuwa imeshakata kesi. "Si walijua wanachoingia?" akauliza kijana mmoja wa kiwanda cha nguo. "Mwanajeshi ni chuma, bwana," akaitikia mwenzake. Fundi wa kuchomelea, mtu mzima, akaweka kikombe chini na kufunga mjadala: "Hayo ni magonjwa ya Wazungu. Babu zetu walipigana Burma, wakapigana msituni. Nani aliwapeleka kwa daktari wa mawazo?" Mandazi yakaendelea kuliwa.

Maneno hayo nimeyasikia pia kanisani Ruiru, nimeyasikia ndani ya matatu, na nimeyasikia kwa watu waliosoma kunipita. Afande mmoja mstaafu aliwahi kuniambia kwa upole kabisa kwamba askari anayelia ni askari aliyeandikishwa kimakosa. Siku ile hotelini nilinyamaza, nikalipa chai yangu nikaondoka. Leo sinyamazi.

Nianze na chuma, maana neno hilo limesemwa na watu wasio na udhuru wa kutolijua. Ruiru huyeyusha chuma na kukivuta kuwa nondo. Thika huunganisha malori. Huku kwetu hata mpiga msasa anajua kwamba chuma huchoka. Shafti inaweza kuzunguka miaka sita bila lalamiko, siku ya siku ikakatika katikati ya shifti, na ukitazama palipokatika utaona ufa ulianza zamani, mwembamba kama unywele, ukawa unatembea ndani kwa ndani huku nje kunang'aa. Uzito wa siku ile haukuzidi uzito wa jana. Ulikuwa uleule, ukijirudia. Ndiyo maana kiwanda chenye akili huisimamisha mashine ingali inafanya kazi, kikaifungua, kikatia grisi, kikabadilisha beringi. Sijapata kumsikia fomeni akiiambia beringi kwamba ni ya waoga. Basi mkimwita mwanajeshi chuma, mtieni mafuta.

Na wanajeshi wenyewe ni jirani zetu. Kambi ya Thika ni makao ya wahandisi wa Jeshi la Nchi Kavu, Batalioni ya 12. Wengi mjini hudhani mhandisi wa jeshi ni mtu wa madaraja na greda, na kweli hizo ni kazi zake. Lakini tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi, silaha inayotutia hasara kila mwaka, Somalia na hata Lamu na Garissa kwetu, ni bomu linalofukiwa barabarani. Kulitafuta bomu hilo ni kazi ya mhandisi. Barabara inayotoka Thika kuelekea mashariki hupita Matuu na Mwingi, ikafika Garissa, ikaendelea mpaka Liboi mpakani. Lori la sabuni na lori la askari hupita lami hiyohiyo. Huko mbele lami inakoisha, dereva wa sabuni hutafuta mashimo ayakwepe. Mhandisi huangalia mchanga uliochimbuliwa, jiwe lililohama, mbuzi walioacha kupita njia waliyoipita jana.

Hebu itazame hiyo kama kazi, jinsi tunavyoitazama kazi ya kiwandani. Anacholipwa kufanya ni kuushuku ulimwengu, kutwa nzima, kwa miezi. Akilegeza dakika moja, mwenzake aliyeketi nyuma yake hayupo tena. Halafu siku moja anarudi Thika, na sisi tunataka aache kushuku getini, kama mtu anayevua kofia. Madaktari wana majina marefu ya hali inayofuata. Kiswahili kina kiwewe, na kwa ninavyoelewa mimi, kiwewe ni mwili uliofuzu somo la vitani vizuri mno hata hauwezi kulisahau nyumbani. Tena uurudishe mwili huo kwenye mji gani? Mji wa boila zinazopumua ghafla, wa mabati yanayoangushwa kutoka kwenye malori saa tisa usiku, wenye machimbo ya Ndarugu hapo karibu, ambako baruti ikilipuka mchana watu hata hawageuzi shingo.

Namfahamu mlinzi mmoja wa lango la kiwanda, askari mstaafu. Simtaji jina, wala kiwanda. Vijana wa shifti humwita Kanali, kwa kejeli. Asubuhi moja alikuta kikapu kimeachwa kando ya lango, kimefunikwa kwa kitambaa. Akafunga lango. Wafanyakazi wa shifti ya asubuhi wakazuiwa upande wa pili wa barabara karibu nusu saa, wengine wakipiga kelele kwamba watakatwa mshahara. Msimamizi akatoka nje akafoka: "Mzee, hicho si chakula tu cha mtu?" Kanali hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kikapu. Akauliza, "Wewe ulimwona aliyekiweka?" Ndani mlikuwa na kopo la githeri, la mama mmoja wa idara ya usafi aliyekuwa amerudi kumpeleka mtoto shule. Watu walicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka, sitadanganya. Baadaye swali lake likanikaa. Ni swali sahihi kabisa. Ndilo swali alilofundishwa kwa fedha za umma, na kwa miaka lilimweka hai yeye na wenzake. Kiwanda kinamnunua kwa mshahara wa mlinzi kwa sababu hiyohiyo ya kushuku, kisha kinamcheka akishuku.

Sasa turudi kwa kijana wa kiwanda cha nguo, aliyesema kwamba walijua wanachoingia. Ndugu yangu, nawe ulijua. Uliiona mashine ina meno kabla hujaajiriwa. Lakini siku itakapokuuma vidole hakuna atakayekwambia ulijua. Kuna Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri atatakiwa kuripoti ajali, daktari atapima ulemavu, na ukilemazwa kabisa utahesabiwa mshahara wa miezi 96. Wanasheria wa Thika wanaishi kwa sheria hiyo. Ofisi zao zimejaa mafaili ya mikono. Hakuna hakimu aliyewahi kuuliza kama mkono uliokatika ulikuwa na ujasiri wa kutosha. Sheria hiyo inaihusu hata serikali kama mwajiri, ila imemtoa mtu mmoja waziwazi: mwanajeshi.

Nitaambiwa kwamba jeshi lina kanuni zake za pensheni na za walemavu. Lina. Sidai Kanali apelekwe kwa wakili wa mafao. Ninachosema ni kwamba sisi wenyewe, katika mji huu, tumeshakubali msingi: aliyeumizwa na kazi ni majeruhi, na kujua hatari mapema hakumfutii tiba. Msingi huo unafika mlangoni mwa kambi kisha unakatika. Na aliye ndani hawezi kutoka nje akaudai. Mfanyakazi wa kiwandani ana chama, anaweza kugoma, anaweza kupita na matawi mitaani hadi ofisi ya mkurugenzi. Ibara ya 24 ya Katiba inaruhusu sheria kumpunguzia mwanajeshi haki hizo, za kujiunga na vyama, za kuandamana, za uhusiano kazini, hata haki za kijamii zilizo katika Ibara ya 43, ambamo afya imo. Pengine kuna hekima katika hilo. Jeshi linalogoma linatisha. Lakini tukishamfunga mtu mdomo kwa Katiba, tusije tukatumia ukimya wake kama ushahidi kwamba hana maumivu.

Fundi wa kuchomelea nimemwacha mwisho kwa heshima ya umri, na kwa sababu hoja yake ndiyo yenye mizizi mirefu. Eti magonjwa ya Wazungu. Usemi huo una mwenyewe, na mwenyewe ni Mzungu.

Ukipanda matatu Thika kwenda Nairobi utapita Juja, utapita Ruiru, utapita kambi ya Kahawa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kabla ya Muthaiga kondakta atauliza kama kuna wa Mathari. Hapo hukosi mzaha. Lazima mtu amwambie mwenzake ashuke. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ilianzishwa 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyepewa wagonjwa wa akili kabla ya kupata mafunzo ya maana ya ugonjwa huo. Akaandika kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akaifananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Mwaka 1954 serikali ikamwomba aieleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaieleza, kama jambo la akili zilizopotea njia badala ya ardhi iliyopotea wenyewe.

Ushahidi wake ulikuwa nini? Wagonjwa waliofikishwa Mathari. Na waliofikishwa ni wale waliovunja madirisha, waliopiga watu, waliookotwa na polisi. Aliyekaa kibarazani kwake Gatanga miezi mitatu akikataa chakula hakuletwa na mtu, kwa hiyo hakuhesabiwa. Na kwa kuwa hakuhesabiwa, daktari akaandika kwamba hayupo. Kila ninaposikia mtu akisema wanajeshi wetu hawana shida hizo, mbona hatuwaoni, ninamsikia Carothers akitembea barabara ya Thika kwa Kiswahili safi.

Tuna ushahidi wetu, tena wa nyumbani. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi. Katika miezi mitatu iliyofuata, Dkt. Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya zaidi ya 2,800 walioguswa na mlipuko ule. Thuluthi moja na ushei, 35 kati ya kila 100, walikuwa na dalili zinazokaribiana na zile ambazo vitabu vya tiba huziita ugonjwa wa kiwewe. Hao walikuwa makarani, wachuuzi, abiria wa basi. Wazungu walikuwa wangapi hapo? Na hiyo ilikuwa asubuhi moja, mlipuko mmoja. Mhandisi wa barabara ya Lamu hajui hata atahesabu vipi.

Na babu zetu? Ni kweli walipigana. Askari wa King's African Rifles waliingia Burma mwaka 1944, kwenye matope na malaria ya bonde la Kabaw, wakarudi na medali na hadithi chache mno. Swali la fundi, nani aliwapeleka kwa daktari, lina jibu la aibu: hakuna. Hilo si jambo la kujivunia. Muulize bibi yeyote aliyelala kitanda kimoja na mzee aliyerudi. Atakwambia habari za mtu aliyeamka usiku akitafuta bunduki chini ya mkeka, au aliyekunywa pombe mpaka shamba likauzwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vitanda hivyo walivilalia wanawake, ambao wanahistoria hawakuwauliza sana.

Isitoshe, si kweli kwamba kabla ya hapo watu wetu hawakuwa na tiba. Agikuyu walikuwa na thahu, unajisi unaompata mtu aliyegusa maiti au kumwaga damu, na usipoondolewa humletea maradhi yeye na nyumba yake. Aliitwa mganga, mundu mugo, na mtu akautapika unajisi huo mbele ya watu waliomjua. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huita cen ile roho ya kisasi inayomwandama aliyeua. Vijana waliotoroka jeshi la Joseph Kony walipokelewa kwa kukanyaga yai bichi kabla ya kuingia tena katika ukoo. Mtu anaweza kuliamini yai au asiliamini. Lakini tazama tambiko lenyewe linafanya nini: linakubali hadharani kwamba mtu ametoka mahali pabaya, linampa siku maalumu ya kurudi, na linawafunga wote waliopo wampokee. Wamisionari waliyaita mambo hayo ushenzi, na pale walipoyafuta hawakuleta mengine. Kwa hiyo anayesema tufuate ujasiri wa babu, namwambia haya, tuufuate. Mwanajeshi anarudi Thika leo bila yai na bila daktari.

Chukua siku yenyewe ya kurudi. Katika jeshi lolote duniani bunduki hurudishwa ghalani ikahesabiwa kwa namba yake. Lori hupelekwa karakana. Lina kitabu chake, na fundi hatalitia sahihi mpaka ameangalia breki. Redio, hema, hata koleo, vyote vina mtu wa kuvikagua. Nashindwa kuelewa watu wenye nidhamu ya kiwango hicho watakubalije kwamba kitu pekee kisichofunguliwa ndani ni yule aliyevibeba vyote hivyo.

Hapa ndipo wenye busara zaidi huniambia: wewe unapiga kelele bure, huduma ipo. Kuna hospitali ya jeshi Nairobi, ile ya Forces Memorial. Kuna makasisi na maimamu kambini. Wakubwa wa jeshi wenyewe sasa husimama na kuizungumzia afya ya akili, jambo ambalo mwaka 2011 lingekuwa muujiza. Sikatai hata moja. Lakini kuwepo kwa dawa dukani hakumponyi asiyeweza kuonekana akiingia dukani.

Mwaka 2004 madaktari wa jeshi la Marekani, wakiongozwa na Charles Hoge, walichapisha utafiti juu ya askari wao wa Iraq na Afghanistan. Kati ya wale ambao majibu yao yalionyesha ugonjwa, waliotafuta matibabu walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu. Na waliokuwa wagonjwa ndio waliokuwa na hofu zaidi, karibu mara mbili ya wazima, ya kuonekana wanyonge mbele ya wenzao na wakubwa wao. Hilo ndilo jeshi lenye fedha kuliko yote duniani, lenye hospitali zisizohesabika. Kama kwao mlango uko wazi na mtu haingii, kwetu tunajidanganya kwamba mlango ulio kilomita arobaini na ushei, Nairobi, unatosha?

Mweke askari wa Thika kwenye hesabu hiyo. Kwenda Nairobi kunahitaji ruhusa, na ruhusa inahitaji sababu. Sababu inapita mezani kwa sajini, kwa karani, kwa kamanda. Jioni kambi nzima inajua. Kisha kuna faili. Aliyeandikwa kwamba ana kiwewe anaogopa kwamba hatachaguliwa tena kwenda misheni, na misheni ina posho, na posho ndiyo iliyoanzisha ule msingi wa nyumba kule Kimbo ambao bado haujafika linta. Anaogopa kukosa kozi, na bila kozi hakuna cheo. Anaogopa kupokonywa silaha, na askari asiye na silaha kambini huulizwa maswali na kila mtu. Zaidi ya yote, daktari atakayemsikiliza naye ana cheo begani. Utamsimulia afande kwamba unaota ndoto mbaya ukiwa umesimama wima? Kwa hiyo anakwenda kwa kasisi, akaambiwa aombe, au anakwenda kwenye baa ya Section 9, ambako hakuna anayeandika faili. Baa ina faida hiyo moja juu ya hospitali, nayo inashinda.

Jeshi, kwa upande wake, lina hoja lisiyoisema hadharani lakini inasikika: mambo haya yakizungumzwa, adui atafurahi. Nataka hoja hii ipimwe kwa El Adde. Alfajiri ya Januari 15, 2016, al-Shabaab walivamia kambi yetu ya huko, katika eneo la Gedo nchini Somalia. Januari 27 kulifanyika ibada ya kumbukumbu Eldoret, katika kambi ya Moi, na marais watatu wakahudhuria: wetu, wa Nigeria na wa Somalia. Wiki chache baadaye huyo wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akataja kwenye televisheni idadi ya waliokufa kuwa kati ya 180 na 200. Jeshi letu likaipinga idadi hiyo, lakini halikutoa yake. Adui alikuwa amepiga picha za kila kitu na akazisambaza. Mwaka uliofuata, Januari 27, 2017, kambi yetu ya Kulbiyow nayo ikavamiwa, na mabishano ya idadi yakaanza upya. Sasa niambieni, siri hii ilimficha nani? Al-Shabaab walijua, maana walikuwepo. Aliyefichwa ni mama wa Bungoma na mjane wa Ruiru. Na aliyeadhibiwa ni aliyenusurika: anaishi na jambo ambalo taifa halijakubali kwamba lilitokea kwa kipimo kile alichokiona. Akiwahesabu wenzake usiku, hesabu yake haina pa kulinganishwa. Hata tungejenga kliniki kumi, mgonjwa ambaye chanzo cha ugonjwa wake ni siri ya serikali ataanzia wapi kujieleza?

Kuna kosa jingine ambalo hujivika vazi la huruma. Mwanajeshi au polisi akimwua mkewe, magazeti hukimbilia kiwewe, na kesho yake mwenye nyumba wa Kihunguro anasita kumpangisha mtu wa jeshi. Naomba tusisaidiwe hivyo. Wengi wenye kiwewe hawamdhuru mtu. Wanajidhuru wenyewe, polepole, na ndiyo maana hawaonekani. Na aliyempiga mke bado amempiga mke, sheria na ifuate mkondo wake. Matibabu ninayoyadai si kwa sababu askari ni bomu litakalotulipukia. Tukitumia hoja hiyo tutakuwa tumemfanya yeye kuwa kile kikapu cha githeri. Hata sheria yetu ilifika huko, kumwona mgonjwa kama mkosaji: mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa mshtakiwa kabla ya kuwa mgonjwa.

Fedha sitazizungumzia sana. Anayesema hatuna fedha aulizwe inagharimu miaka mingapi kumfundisha mtu mmoja kulisoma bomu kwenye mchanga, na tunapata nini anapoondoka jeshini kabla ya wakati kwenda kulinda lango la kiwanda.

Basi tufanye nini? Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari wa majeshi wamejua kanuni ambayo Mmarekani Thomas Salmon aliieneza: mtibu mtu karibu na kikosi chake, mtibu mapema, na umtibu ukimtarajia arudi kazini. Karibu, maana yake kwetu ni ndani ya kambi ya Thika na ya Kahawa. Mapema, maana yake ni wiki za kwanza baada ya kurudi, na wote wapite, kuanzia kamanda hadi mpishi, ili kupita kusiwe alama ya mtu. Kamanda akiwa wa kwanza kwenye foleni, nusu ya kazi imekwisha. Anayesikiliza awe raia asiye na cheo, mwenye kiapo cha siri, na anachoandika kisiingie kwenye faili la kupandisha vyeo ila pale tu ambapo uhai wa mtu uko hatarini. Wake na waume zao waitwe pia, kwa ombi si kwa amri, kwa sababu wao ndio wanaojua nani anaamka saa nane. Anayestaafu aondoke na barua inayomfungulia mlango katika hospitali ya Thika Level 5 au popote atakapoishi, asianze upya kujieleza kwa kijana wa mapokezi mbele ya foleni ya watu hamsini.

Na chumba cha huyo msikilizaji kisijengwe peke yake nyuma ya mahema na bango mlangoni. Kiwe ndani ya zahanati ya kambi, kwenye ukumbi uleule wa meno na malaria, kwa benchi lilelile na kadi ya rangi ileile, ili anayepita nje akimwona koplo ameketi pale asijue kama amekuja kung'olewa jino.